Alamu ya gari ina daftari: nani ameandikwa ndani?

Mwezi uliopita Kireka, pembezoni mwa Kampala, ilipigwa na mvua ya usiku, zile mvua za radi zinazopanda kutoka upande wa ziwa. Radi ya kwanza ilipopasuka, gari la shemeji yangu likaanza kulia uani. Akatoka na mwavuli, akabonyeza rimoti, likanyamaza. Hajafika kitandani, radi ya pili, likalia tena. Ilipofika saa nane majirani wote walikuwa madirishani. Mwishowe alifungua boneti gizani, maji yanamtiririka shingoni, akachomoa waya wa betri.

Kulipokucha kila mtu alikuwa na maelezo yake. Askari wa geti alisema rimoti imeishiwa nguvu. Kijana wa boda alisema alamu hizi zinakula betri, bora zing'olewe. Mwingine akamwambia anunue rimoti mpya, ai-programu, shida itakwisha. Shemeji akashuka mjini, akauziwa rimoti inayofanana na yake kwa kila kitu: umbo lile lile, vitufe vinne vile vile, rangi ile ile. Ikakataa. Fundi aliyeitazama akamwambia boksi zima limekufa. Jioni akaja kwangu na rimoti mbili mkononi. "Shem, sasa nimwamini nani?"

Mimi kazi yangu ni umeme wa magari, na swali hilo nalisikia karibu kila wiki. Naona uchungu watu wanapolipia kitu ambacho kingeeleweka kwa dakika kumi za maelezo. Ndiyo sababu ya makala hii.

Kwanza tutenganishe vitu, maana vimechanganywa sana, hasa tangu mradi wa Uganda wa plate za kidijitali, yaani vibao vya namba za magari, ulipoanza na magari ya serikali mwezi Novemba 2023 na watu wakaanza kuzungumzia usalama wa magari kila mahali. Plate inaitambulisha gari kwa serikali. Haifungi mlango wala haizimi injini. Traka inapokea mahali ilipo kutoka kwa setilaiti na kukutumia kwa laini ya simu. Inakuambia gari liko wapi, ingawa nyingine huweza pia kuzima injini. Sentro loki ni mota ndogo zinazovuta loki za milango. Imobilaiza ni chipu iliyomo ndani ya kichwa cha ufunguo: injini haiwaki mpaka kompyuta ya gari iitambue chipu hiyo. Alamu yenyewe ni boksi dogo lililofichwa chini ya dashibodi, likiwa na king'ora, kitaa kinachomweka, sensa ya mtikisiko, waya zinazosikiliza milango na boneti, na mara nyingi rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayokata njia ya umeme wa starta, ile mota inayozungusha injini ili iwake. Rimoti stata ni kazi ya ziada ya boksi hilo, au ya boksi jingine pembeni yake: kuwasha injini wewe ukiwa bado barazani.

Hapo pana jambo linalowapoteza wengi. Ulaya iliyafanya magari mapya yawe na imobilaiza kwa lazima kuanzia mwaka 1998. Japani haikuweka sharti kama hilo, na magari mengi tunayoendesha Uganda yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani. Kwa hiyo unaweza kukuta magari mawili ya aina moja yamesimama bega kwa bega kwenye bondi, yadi ya kuuzia magari, pale Nakawa, moja lina imobilaiza, la pili halina. Fundi aliyezoea la pili akifunga rimoti stata kwenye la kwanza, starta itazunguka, injini itakataa, na yeye atasema boksi ni bovu.

Neno "kuprogramu" nalo lina maana tatu, na watu wanaitumia moja wakikusudia nyingine. Ya kwanza ni kulifundisha boksi rimoti zako. Ya pili ni kubadilisha tabia za boksi: milango ijifunge gari likiwashwa au isijifunge, mlio wa kufunga usikike au usisikike, injini ikiwashwa kwa rimoti ikae dakika 10 au 20. Ya tatu inahusu rimoti stata peke yake, yaani kulifundisha boksi kuutambua mwendo wa injini hii. Fundi akikuambia "nime-programu", muulize amefanya ipi.

Daftari la askari

Maana ya kwanza ndiyo nzito. Fikiria askari wa geti ambaye hasomi sura za watu. Ana daftari lenye mistari minne tu, na kila mstari una namba ya mtu anayeruhusiwa. Ukija unatamka namba, anatazama daftari, ikiwemo anafungua. Boksi la alamu hufanya hivyo hivyo. Kila rimoti ina namba yake iliyoandikwa ndani ya chipu, na maboksi mengi yanakubali rimoti nne. Ukiandika ya tano, ile iliyoandikwa kwanza inafutwa. Maboksi mengine hufuta zote mara tu unapoanza kuandika upya.

Daftari hilo halifutiki betri ya gari ikichomolewa, kwa kuwa limeandikwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Halifutiki ukibadilisha kibetri cha rimoti pia. Watu wanaogopa kubadilisha kibetri kile kidogo mpaka rimoti inafanya kazi ukiigusisha mlango, kumbe hakuna kinachopotea.

Sasa, nani anaweza kuandika kwenye daftari? Yeyote mwenye ufunguo wa gari na anayejua swichi ya valeti ilipo. Swichi hiyo ni kitufe kidogo, ukubwa wa punje ya mahindi, ambacho fundi hukificha chini ya usukani, ndani ya boksi la fyuzi au nyuma ya kisahani cha majivu ya sigara. Utaratibu wa kawaida unafanana kwa chapa nyingi: unazungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, ndani ya sekunde chache unabonyeza swichi ile mara kadhaa, king'ora kinalia mara moja kukubali, unabonyeza kitufe cha rimoti, kinalia tena, unaingiza rimoti ya pili. Ukizima ufunguo, daftari linafungwa. Idadi ya kubonyeza ndiyo inayotofautiana, na imeandikwa kwenye karatasi iliyokuja ndani ya kasha la alamu. Karatasi ile wengi wetu tunaitupa pamoja na kasha.

Kwa hiyo gari likikaa saa moja na mtu mwingine, ufunguo ukiwa ndani, rimoti ya ziada inaweza kuingizwa bila wewe kujua. Simshuku kijana wa washing bei wala fundi mwenzangu yeyote. Nasema mlango upo, na mwenye gari anastahili kuujua. Zaidi ya wote anastahili kuujua aliyenunua gari lililokwisha tumika hapa hapa Uganda. Amekabidhiwa rimoti moja, pengine mbili, na hajui za tatu na nne ziko mfukoni mwa nani.

Dawa yake haina gharama. Andika upya rimoti zako, na kama unazo mbili tu, ziingize kwa zamu mpaka mistari yote minne ijae. Kuna maboksi yasiyokubali rimoti moja kuandikwa mara mbili, basi hapo unahitaji kufuta zote kwanza kwa utaratibu wa chapa hiyo. Kama una rimoti ya zamani ambayo hutaki ifanye kazi tena, ijaribu pale pale kabla fundi hajaondoka.

Kwa nini rimoti inayofanana hukataa

Rimoti aliyouziwa shemeji nilipoifungua, nyuma ya ubao wake palikuwa na maandishi madogo: 315. Boksi lake linasikiliza 433.92. Hizo ni megahezi, masafa ya redio. Ukitafuta redio ya CBS ya Kampala unakwenda 88.8; ukisimama kwenye 100 hutaisikia hata redio yako iwe ya bei gani. Masafa ya 433.92 ndiyo yaliyozoeleka Ulaya na katika alamu nyingi za kufunga zinazouzwa kwetu. 315 ni ya Marekani, na rimoti za magari ya Japani ziko karibu na hapo. Ganda la plastiki halisemi lolote. Viwanda vingi hutumia ganda moja kwa rimoti zisizohusiana hata kidogo. Ukienda kununua, nenda na ile ya zamani, zifunguliwe zote mbili mezani, na usome namba.

Masafa yakilingana bado kuna lugha. Rimoti za zamani na za bei ya chini kabisa hutumia namba isiyobadilika. Ni kama askari na mwenye nyumba wamepatana neno la siri "kahawa", na kila usiku ni kahawa hiyo hiyo. Aliyejificha nyuma ya ua akilisikia mara moja, kesho anaingia. Vile vimashine vya kunakili rimoti unavyoviona kwa mafundi wa funguo hufanya hivyo: vinasikiliza na kurudia.

Rimoti bora hutumia namba inayogeuka. Rimoti na boksi zina kanuni moja ya siri inayozalisha neno jipya kila unapobonyeza, na neno lililokwisha tumika halikubaliwi tena. Mfumo uliosambaa sana wa aina hii, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980, kisha mwaka 1995 ukanunuliwa na kampuni ya Marekani, Microchip. Nafurahi kuwaambia hili vijana ninaowafundisha kazi, maana wanadhani kila kitu chenye chipu kilianzia ng'ambo.

Namba inayogeuka ndiyo inayoeleza kisa kingine cha kawaida: mtoto amecheza na rimoti Mbale, gari liko Kampala, na mzazi akirudi gari halifunguki. Rimoti imesonga mbele katika mfululizo wa maneno, boksi limebaki nyuma. KeeLoq huvumilia kubonyezwa ovyo takriban mara 16. Ukipita hapo, kubonyeza mara moja hakutoshi, lakini ukibonyeza mara mbili mfululizo ukiwa karibu na gari, boksi hulinganisha maneno mawili, likaona yanafuatana, likakubali. Wapo waliouziwa alamu mpya kwa tatizo la kubonyeza mara mbili. Hilo huniuma.

Usalama huu nao una mipaka. Mwaka 2015 mtafiti Mmarekani Samy Kamkar alionyesha kifaa kidogo kinachozuia neno la rimoti lisifike kwenye gari, huku kikilihifadhi kwa matumizi ya baadaye. Njia rahisi zaidi ni mtu kuvuruga masafa tu wakati unabonyeza kufunga, nawe ukaondoka ukidhani umefunga. Kinga yake ni mkono wako: vuta kitasa cha mlango kabla hujaondoka, kila siku, hata pale ulipopazoea.

Rimoti stata: mkono usioona

Kifaa hiki nakiheshimu na nakiogopa. Kina faida kweli. Aliyeegesha gari juani Arua mchana anajua maana ya kukaa kwenye kiti kilichokwisha poozwa na AC, na asubuhi za Kabale kioo kilichojaa ukungu hukuchelewesha. Lakini tuelewe kinachofanyika. Boksi linajifanya mkono wako: linatia umeme kwenye waya za ufunguo, linasubiri kidogo, linapeleka umeme kwenye starta, kisha linasikiliza mwendo wa injini ili lijue imewaka na liiachie starta. Ndiyo ile kuprogramu ya tatu. Boksi lisilofundishwa vizuri litaiachia starta mapema, gari lisiwake, au litaishikilia injini ikiwa tayari inanguruma, na meno ya starta yatalia kwa uchungu mpaka yaliwe. Kwenye dizeli lazima pia lingoje plagi za joto.

Mkono huo hauna macho. Hauoni kama gari liko kwenye gia. Ndiyo maana boksi lina waya za kuuliza: boneti imefungwa? breki imekanyagwa? hendibreki iko juu? gia iko P? Kuzifunga waya hizi kunachosha, hivyo baadhi ya mafundi huziruka. Nililetewa pikapu moja ya gia za mkono ambayo waya wa hendibreki ulikuwa umefungwa moja kwa moja kwenye bodi ya gari, kwa hiyo boksi liliamini hendibreki iko juu siku zote. Mwenye gari aliliegesha kwenye mteremko, akaweka gia ya kwanza kama wengi tulivyofundishwa. Asubuhi akabonyeza rimoti akiwa na kikombe cha chai. Gari likaruka, likapiga geti lake mwenyewe, likazimika. Nusu saa kabla ya hapo wanawe walikuwa wamesimama kwenye geti lile wakisubiri basi la shule.

Rimoti stata iliyotengenezwa kwa gari la gia za mkono ina utaratibu wa kuandaa gari, na haupaswi kurukwa. Unasimama, unaweka gia huru, unavuta hendibreki, unachomoa ufunguo na injini inaendelea kuunguruma. Unatoka, unafunga mlango, unabonyeza kufunga, ndipo boksi linaizima injini lenyewe. Hapo limehakikisha kwamba ulitoka gari likiwa halina gia. Mlango wowote ukifunguliwa baadaye, ruhusa inafutika na rimoti haitawasha. Kama lako linawaka bila utaratibu huo, lirudishe kwa fundi leo, na mpaka hapo usilibonyeze.

Halafu kuna imobilaiza. Ili gari lenye chipu liwake bila wewe, boksi lazima liionyeshe kompyuta chipu inayotambulika. Njia moja ni moduli inayozungumza na kompyuta ya gari. Njia nyingine, inayopendwa kwa urahisi wake, ni kuchukua ufunguo wako wa akiba, kuuzungushia waya na kuuficha chini ya dashibodi. Ikifungwa vizuri, waya huo uliozungushwa, yaani koili, unaunganishwa na rilei kwa zile dakika za rimoti stata tu. Ikifungwa vibaya, koili inafanya kazi saa zote, na maana yake gari lako halina imobilaiza tena: ufunguo wowote uliochongwa ukizunguka, injini inawaka. Umelipa pesa ili upunguze ulinzi. Jaribio lake: chonga ufunguo wa kawaida usio na chipu, jaribu kuwasha. Gari likiwaka na kubaki limewaka, mwite fundi.

Na tafadhali, usiwashe gari kwa rimoti likiwa ndani ya gereji iliyofungwa iliyopakana na vyumba vya kulala. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi. Haina harufu, na huua watu usingizini.

Kuhusu betri, tufanye hesabu badala ya kubishana. Alamu iliyofungwa sawasawa ikiwa inalinda hula takriban miliampea 20. Kwa saa 24 hiyo ni kama nusu ampea-saa. Betri ya ampea-saa 45 ingechukua miezi mitatu kumalizika, na hata tukisema gari linakataa kuwaka betri ikifika nusu, bado ni zaidi ya mwezi. Gari linalokufa baada ya usiku mbili lina ugonjwa mwingine: betri imezeeka, oltaneta haichaji, taa ya buti haizimiki, au amplifaya imeungwa mahali isipozimwa.

Na ile ya radi? Sensa ya mtikisiko ina skrubu ndogo ubavuni, ya kuzungushwa kwa bisibisi nyembamba. Ya shemeji ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho, pengine na mtu aliyetaka aonekane amefunga alamu kali. Nikairudisha robo baada ya robo, kila mara nikipiga kioo kwa ngumi, mpaka ikawa mlango wa gari la jirani ukibamizwa inakaa kimya, na kioo kikipigwa kwa nguvu inalia. Boksi lilikuwa zima kabisa.

Kisha tukaandika daftari upya. Alikuwa na rimoti moja nzima na nyingine ya masafa yake tuliyoipata soko la vipuri la Kisekka baada ya kusoma namba. Swichi ya valeti tuliitafuta kwa tochi ya simu, tukaikuta nyuma ya kifuniko cha fyuzi, imekaa kwenye vumbi. Mara tano, mlio. Rimoti ya kwanza, mlio. Ya pili, mlio. Tukarudia mpaka mistari ikajaa. Alizima ufunguo, akatoka nje, akabonyeza kila rimoti mara tatu tatu, akavuta vitasa vyote vinne.

Nilimchorea kwenye karatasi ya daftari la shule mahali boksi lilipo, rangi za waya, idadi ya kubonyeza, na swichi ilipofichwa. Akafungua kisanduku cha dashibodi aiweke humo. Nikamzuia. Mwizi atakayeikuta mle atakuwa amepewa kila kitu. Sasa iko nyumbani, ndani ya bahasha moja na logibuku, hati ya umiliki wa gari.